Usidharau Omena Halafu Ukanunue Kapsuli

Leo niko na maneno, na nitayasema bila kuyawekea sukari.

Hapa Eastlands tumefika mahali pa ajabu. Mtu akipika omena kwa ploti, majirani wanafunga madirisha, na kabla sufuria haijashuka kuna msee ameandika kwa grupu ya WhatsApp, "Nani anapikia paka?" Kijana akibeba omena kazini anakula akiwa amejipinda kwa kona kama mtu ameiba. Halafu huyo huyo aliyefunga dirisha, mwisho wa mwezi ukifika, anatoa elfu mbili mia nne kununua kichupa cha kapsuli za mafuta ya samaki, na anakiweka juu ya friji kama kikombe cha ligi. Samaki tunamcheka, mafuta yake tunayalipia.

Msimamo wangu ni huu. Hizi kapsuli mnazouziwa mtandaoni ati zinaongeza akili, zinarudisha ujana na kupanga tumbo, hazina uwezo wa kufanya hata nusu ya hayo. Samaki mwenyewe, kwa sahani, ndiye ana hoja nzuri zaidi. Na huyo yuko Gikomba, yuko Kayole, yuko kwa yule mama wa kibanda pale steji. Pesa ya kapsuli iko na kazi nyingine, na nitasema ni gani.

Kwanza angalia wanaouziwa ni kina nani. Ni mtahiniwa wa KCSE anayeogopa Kemia. Ni dada wa miaka 23 ambaye ameambiwa na simu yake kwamba ameanza kuzeeka. Na ni mtu yeyote aliye na shosh anayeanza kusahau. Hiyo biashara inauza woga, na sisi tuko nao wa kutosha.

Najua kwa sababu walinifikia. Mwezi jana kuna muuzaji alinitumia ujumbe anataka nitangaze bidhaa yake, kila chupa itakayonunuliwa kupitia kwangu nipate mia tatu. Maneno ya kusema kwa video alikuwa ameshaniandikia. Katikati kulikuwa na sentensi moja: inazuia ugonjwa wa kusahau kwa wazee. Nikamuuliza hiyo ameitoa wapi. Akanitumia picha ya ubongo, samaki kando yake, na alama ya vema ya kijani. Huo ndio ushahidi, wasee. Alama ya vema.

Ningecheka nikasonga, lakini kwa ploti yetu kuna mama anayemtunza mamake. Shosh anapoteza maneno, anauliza swali moja mara tano. Huyo mama amenunua chupa tatu, moja kila mwezi. Na katika hiyo miezi mitatu dawa za presha za shosh ziliisha na hazikununuliwa zingine, kwa sababu aliyemuuzia alimwambia kapsuli "inashughulikia mishipa pia". Hapo ndipo nilipoacha kucheka.

Sasa tuongee ukweli, na tuanze kwa kuipa kapsuli haki yake.

Ndani ya mafuta ya samaki kuna mafuta yanayoitwa omega-3, na mawili yanayotajwa sana ni EPA na DHA. DHA si mchezo. Ni sehemu ya utando unaozunguka seli za ubongo wako na za jicho lako. Mwili unaweza kutengeneza kidogo kutoka kwa mbegu na mboga, lakini ni kidogo sana, kwa hivyo tunategemea chakula. Hata samaki mwenyewe kwa sehemu kubwa hayatengenezi. Anayapata kutoka kwa mwani mdogo usioonekana kwa macho, au kwa viumbe waliokula huo mwani.

Na hii historia ni yetu. Kule Koobi Fora, upande wa mashariki wa Ziwa Turkana, watafiti walichimba mahali ambapo viumbe wa ukoo wetu walikuwa wanakula karibu miaka milioni 1.95 iliyopita. Walipata mifupa ya samaki, kasa na mamba, na kwenye mifupa kulikuwa na alama za kukatwa kwa vifaa vya mawe. Utafiti huo ulitoka mwaka wa 2010. Kuna wanasayansi wanaoamini chakula kama hicho kilisaidia ubongo wetu kukua, na kuna wanaobishana nao. Lakini jambo moja halibishaniwi: mtu amekula samaki katika hii nchi kabla hata hajaitwa mtu.

Kwa hivyo mafuta haya ni muhimu. Swali ni kama kuyameza kwa kapsuli kunafanya yale unayoahidiwa.

Tuanze na ubongo. Marekani kulikuwa na jaribio kubwa linaloitwa AREDS2, na matokeo yake kuhusu akili yalitolewa mwaka wa 2015. Wazee zaidi ya 3,000 walipimwa kumbukumbu kwa miaka 5. Wengine walipewa omega-3, wengine hawakupewa. Tofauti? Hakuna. Jaribio jingine, VITAL, lilikuwa na watu 25,871, na omega-3 walizopewa zilikuwa gramu moja kila siku kwa miaka kama mitano. Haikupunguza saratani, na kwa jumla haikupunguza matatizo makubwa ya moyo na mishipa kwa kiwango cha kutegemewa. Watafiti wake walipoangalia kama inakinga watu wasiingiwe na huzuni ya kuwalaza kitandani, jibu lililotoka mwaka wa 2021 lilikuwa hapana. Hao ni watu halisi, wamefuatiliwa miaka. Si picha ya ubongo na alama ya vema.

Mtahiniwa, nisikize. Hakuna kapsuli itakayosoma hiyo Kemia kwa niaba yako. Lala masaa yako, kunywa chai yako, fanya karatasi za mwaka jana.

Ujana je? Hapa wauzaji wamepata kitu cha kushika, kwa hivyo nitakuwa mwangalifu. Mwaka wa 2025 watafiti wa Zurich, Uswisi, walitoa matokeo ya jaribio la DO-HEALTH kwenye jarida la Nature Aging. Watu 777 wenye miaka 70 kwenda juu walipimwa alama kwenye DNA ambazo zinaonyesha mwili umezeeka kiasi gani. Waliokunywa gramu moja ya omega-3 kila siku kwa miaka 3 walionekana kuzeeka polepole kwa kati ya miezi 3 na 4, kwa baadhi ya hivyo vipimo. Ni habari ya kweli na inavutia. Sasa angalia vile inavyogeuzwa ikifika kwa simu yako: "Wanasayansi wamethibitisha, rudisha ujana."

Hesabu nayo inakataa. Ile kapsuli imeandikwa miligramu 1,000 mbele. Geuza chupa usome nyuma. Mara nyingi EPA na DHA ukijumlisha ni miligramu 300 tu, mengine ni mafuta ya kawaida. Ili ufikishe gramu moja ya wale wazee wa Uswisi unahitaji kapsuli tatu kila siku, na zaidi kidogo. Chupa ya 60 inaisha kwa siku 20. Kwa miaka 3 hizo ni chupa 55. Kwa elfu mbili mia nne, umetoa shilingi 132,000, ili kipimo cha maabara kiseme umepata miezi mitatu. Na hakuna aliyepima kama hao wazee waliishi zaidi kwa sababu hiyo. Kitu kingine ambacho hawatakuambia: omega-3 ya hilo jaribio ilitoka kwa mwani. Samaki hakuwepo kabisa.

Sasa tumbo. Ndani ya utumbo wako mpana kuna matrilioni ya bakteria, na hao si maadui. Wanasaga kile ambacho wewe umeshindwa kusaga, na wanachotoa kinasaidia ukuta wa utumbo na kutuliza mwili usiwake ndani kwa ndani. Wauzaji wanasema mafuta ya samaki yanawalea. Kuna utafiti wa Uingereza wa mwaka wa 2017 ambapo watu 22 walipewa gramu 4 za omega-3 kila siku kwa wiki 8. Baadhi ya bakteria wazuri waliongezeka. Walipoacha, mambo yakarudi pale yalipokuwa. Watu 22, gramu 4. Hiyo ni kama kapsuli 13 kwa siku, buda. Utakuwa unanuka Gikomba bila kwenda Gikomba.

Na fikiria kidogo jinsi tumbo linafanya kazi. Mafuta mengi hufyonzwa juu, kwenye utumbo mwembamba. Bakteria wengi wako chini. Kinachowafikia sana ni nyuzinyuzi: sukuma, maharagwe, githeri, ndengu, viazi vitamu, uji wa wimbi. Yaani ile sahani unayoiita ya kijijini.

Jirani zetu wa Tanzania wamelionyesha hili vizuri. Kule Moshi, chini ya Kilimanjaro, watafiti walichukua wanaume 77 wenye afya. Vijana wa kijijini waliokuwa wanakula ndizi, maharagwe, mboga na ulezi wakahamishwa kwa chakula cha kizungu kilichosindikwa, kwa wiki 2 tu. Wa mjini nao wakapewa chakula cha asili. Matokeo yalitoka mwaka wa 2025 katika Nature Medicine. Wale wa kijijini, damu yao ilianza kuonyesha dalili za mwili kuwaka na kinga kulegea. Wale wa mjini, dalili hizo zilishuka, na mabadiliko mengine yalikuwa bado yapo wiki 4 baadaye. Wiki mbili, manze. Hakuna aliyemeza kapsuli ya kitu chochote.

Najua kuna mtu anasema: sawa, lakini samaki wetu ni wa maji baridi, si wale wa bahari za barafu, hana hayo mafuta. Hapana. Twende tena Tanzania, mwaka wa 1996, jarida la Lancet. Watafiti walilinganisha vijiji viwili vya kusini, kila kimoja watu zaidi ya 600. Kimoja kilikuwa kando ya Ziwa Nyasa, watu wanakula samaki kila siku. Kingine kilikuwa Lugalawa, milimani, watu wanakula mimea. Wale wa ziwani walikuwa na omega-3 nyingi zaidi kwenye damu, presha yao ilikuwa chini, na mafuta mabaya ya damu yalikuwa chini. Samaki wa ziwa, maji baridi, Waafrika kama wewe. Utafiti wa kulinganisha vijiji hauthibitishi kila kitu, kwa sababu watu wa ziwani na wa milimani wanatofautiana kwa mengi. Lakini ukiniuliza nifuate nini kati ya hicho kijiji na alama ya vema, sihitaji muda wa kufikiria.

Hata hii biashara yote ya mafuta ya samaki ilianza na watu waliokuwa wanakula, si kumeza. Miaka ya 1970 madaktari wawili wa Denmark, Bang na Dyerberg, walipima damu ya Wainuiti wa Greenland. Hao walikuwa wanakula samaki na sili. Dunia ikachukua hiyo habari, ikatoa samaki, ikabaki na mafuta, ikatia kwa chupa. Leo mafuta mengi ya samaki duniani yanatoka kwa visamaki vidogo kama vile dagaa wa Peru, na sehemu kubwa inalishwa samaki wa kufugwa. Kinachobaki ndicho unachoposti juu ya friji.

Sisi kisamaki chetu kidogo kiko hapa. Omena, dagaa, mukene, ni yule yule mmoja wa Ziwa Victoria. Anavuliwa usiku kwa taa, anakaushwa ufuoni, anapanda lori, asubuhi yuko Nairobi. Unamla mzima, na mifupa, kwa hivyo unapata kalisi na chuma na protini na hayo mafuta yote kwa pamoja. Na unajua sehemu kubwa yake inaenda wapi? Viwanda vya chakula cha mifugo. Kuku anakula omena, wewe unanunua kuku wa kukaanga na chipsi, halafu unatafuta omega-3 kwa duka la dawa. Kuku wako amekula vizuri kukuliko.

Hii dharau nayo iko na mizizi. Tangu mbuta aanze kuuzwa nje, nyama yake nzuri inakatwa minofu inapanda ndege kwenda Ulaya, na mtaa unaletewa mgongo wazi, mifupa na kichwa, ya kukaanga barabarani. Tumefundishwa kwamba samaki mzuri ni wa mwingine, na anayebaki ni wa maskini. Ndiyo maana mtoto anaona aibu ya omena lakini haoni aibu ya soseji ambayo hajui imetengenezwa na nini.

Kuna malalamiko ya haki, siyakatai. Omena iko na mchanga. Ni kweli, kwa sababu bado nyingi zinaanikwa chini badala ya kwenye vichanja, na hilo ni la kuwadai wanaosimamia fuo na masoko, kwa sauti. Ni chungu? Toa vichwa, loweka kwa maji moto, osha mpaka maji yawe safi, kaanga kidogo na kitunguu na nyanya nyingi, maliza na maziwa vile wamama wa Kisumu wanafanya. Chagua zile zinazong'aa fedha. Zikiwa zimegeuka manjano na zinakwaruza koo, mafuta yameharibika, wacha. Bei? Kati ya Aprili na Julai uvuvi wake hufungwa upande wa Kenya na bei hupanda, basi miezi hiyo nunua samaki wa mkebe, wale wa nyanya. Hata ngege ni chakula kizuri, ila omega-3 zake ni chache kuliko za hawa wadogo. Mara mbili kwa wiki inatosha. Si lazima ugeuke nyangumi.

Na kuna watu ambao kapsuli ni yao kweli, ili msiseme nimefunga macho. Mapitio makubwa ya Cochrane ya mwaka wa 2018, majaribio 70, yalionyesha kwamba omega-3 wakati wa ujauzito hupunguza uwezekano wa mtoto kuzaliwa kabla ya wakati. Daktari pia anaweza kuziandikia mtu mwenye aina fulani ya mafuta mengi kwenye damu. Hao wasikilize daktari wao, si mimi na si muuzaji. Wewe mwingine unayejipimia dozi kubwa, jua kwamba dozi kubwa zimehusishwa na moyo kupiga mrama.

Sasa turudi kwa shosh, kwa sababu hapa ndipo mtu anaumia. Mwaka wa 2024 tume ya jarida la Lancet ilihesabu mambo 14 ambayo yakishughulikiwa yangeweza kuzuia au kuchelewesha karibu asilimia 45 ya ugonjwa wa kusahau duniani. Presha imo. Kisukari kimo. Masikio yasiyosikia, macho yasiyoona vizuri, sigara, upweke, elimu iliyokatizwa, hewa chafu. Kukosa kapsuli ya mafuta ya samaki hakumo.

Kwa hivyo ile elfu mbili mia nne kazi yake ni hii: dawa za presha, kila mwezi, bila kuruka. Miwani. Nauli ya kliniki. Na kupimwa presha si lazima kulipiwe. Tangu Septemba 2023 kuna wahudumu wa afya wa jamii zaidi ya 100,000 nchini, wamepewa mikoba yenye mashine ya presha na ya sukari, na kazi yao ni kuja mlangoni. Uliza wa mtaa wenu ni nani. Kama hajawahi kuonekana, hilo ndilo swali la kumpelekea mwakilishi wa wadi.

Na kama kweli tunajali akili za Eastlands, tusiishie kwa sufuria. Mwaka wa 2007 shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao hapa hapa Gigiri, lilitoa ripoti ya watoto 328 waliopimwa karibu na jaa la Dandora. Nusu yao walikuwa na madini ya risasi kwenye damu kupita kiwango kilichokubalika kimataifa wakati huo. Risasi inakula ubongo wa mtoto. Lile jaa lilitangazwa kujaa mwaka wa 2001, na moshi bado tunauvuta. Hakuna anayekuuzia kapsuli ambaye amewahi kufungua mdomo kuhusu huo moshi. Hauna kamisheni.

Wewe unayeuza, unajua tunavyopatana. Ule ujumbe wako bado ninao, na jibu langu ni hapana. Niletee jaribio moja lililoonyesha kapsuli yako inazuia shosh kusahau, nitalisoma lote mbele ya watu, neno kwa neno. Na wewe uliye kwa grupu ya ploti, jioni hii mtu akipika omena, badala ya kuuliza nani anapikia paka, uliza kama imebaki.